Mlango wa Jikoni wa Mama Pindo

Asubuhi moja, siku chache baada ya kuhamishiwa nyumba mpya, fundi cherehani ambaye wateja wake walimwita Mama Pindo alibeba beseni la maji machafu, akafungua mlango wa jikoni ayamwage uani. Akatokea jikoni kwa Bi Mkunga, jirani yake wa zamani, upande wa pili wa mji.

"Usinimwagie hapo, mwenzangu, nimetoka kupiga deki," alisema Bi Mkunga, akatoa kikombe cha pili.

Zamani waliishi ukuta kwa ukuta miaka nenda rudi, mmoja wa msikitini, mwingine wa kanisani, kila mtu na lugha ya kwao. Ugomvi wao pekee ulikuwa kamba ya kuanikia nguo. Kisha halmashauri ikachora ramani mpya: hawa kaskazini, wale kusini, katikati barabara kuu na uzio, ili watu wakae kwa amani. Hakuna aliyekuwa amepigana.

Habari za mlango zilimfikia afisa mipango miji. Alikuja na futi yake, akapima kizingiti, akavuka kusini, akanywa chai, akarudi kaskazini.

"Mlango hauna kasoro," alisema. "Ila lazima ufuate utaratibu."

Akaletwa askari na kiti chake. Akawa anashinda kizingitini, akikagua vitambulisho. Mama Pindo alimzoea. Bi Mkunga alilalamika tu kwamba anamaliza sukari.

Baridi ilipoingia, Bi Mkunga alishikwa na kichomi. Hospitali ilikuwa nyuma tu ya nyumba ya Mama Pindo, pua na mdomo. Mama Pindo alimbeba mgongoni mpaka kizingitini.

"Mgonjwa ni wa kusini," askari alisema. "Atibiwe kusini."

"Huyu ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote, baba. Tupishe."

"Mama, mimi nimetumwa tu."

Gari la wagonjwa likaitwa, likaufuata uzio kuelekea hospitali ya kusini. Bi Mkunga alikata roho kabla uzio haujaisha.

Baada ya mazishi Mama Pindo alifungua mlango. Askari alitazama picha kwenye kitambulisho, akamtazama yeye, kama hajapata kumwona.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa wafiwa."

Akasogeza miguu. Mama Pindo alikaa na binti wa marehemu, wakalia, wakamsimulia Bi Mkunga mpaka kicheko kikawaponyoka. Hapo askari akachungulia, akasema kwa upole kwamba muda wa wakazi wa kaskazini kukaa kusini umekwisha.