Vipimo vya Turubai Lililokunjwa

Asije mtu akasema baba hakupima. Alipima. Aliingia stoo na futi yake, akapima turubai kubwa kuliko yote ya mama, akaandika: upana mita moja, urefu mita moja na nusu. Kasoro ilikuwa moja tu. Turubai lilikuwa limekunjwa.

Likikunjuliwa linafunika lori pamoja na tela lake, na mama hulishona likiwa limetandazwa lote. Miaka kumi na tisa ameshonea uani. Mvua ikija anakunja, ikikatika anakunjua.

Kwa vipimo hivyo vitukufu baba akachagua fremu ya karakana mpya ya mama. Ni jengo la vyuma vinavyoletwa vimekatwa na kutobolewa tayari, kazi inabaki kufunga bolti. Kijitabu cha kiwanda kilikuwa na fremu mbili. Moja haina nguzo ndani, paa linajibeba kutoka ukuta hadi ukuta. Nyingine ina nguzo nne katikati na paa lililochongoka. Baba alisema hiyo ya pili ndiyo yenye heshima. Mama alikataa mara tatu, na mara ya tatu akajibiwa kwamba mambo ya vyuma awaachie wanaume, yeye ashone.

Mama alikanyaga cherehani mpaka vikombe vikagongana kabatini. Mimi, niliyekuwa likizo, damu ilinichemka kwa niaba yake. Mama angesaini fomu ya kiwanda Jumamosi, na chuma kikishakatwa hakiungwi kwa machozi.

Shule ya bweni imenifunza kuhamisha vitu vizito bila kelele. Jumamosi alfajiri nilipima uwanja kwa mujibu wa mchoro wa fremu ya baba kijitabuni, nikasimamisha mapipa manne pale zitakaposimama nguzo, nikayajaza maji ili mwenye hasira asiyasukume.

Wakala wa kiwanda alipofika, nilimwomba baba, kwa unyenyekevu mkubwa, atuonyeshe turubai litakavyotandazwa. Akashika ncha moja, wakala nyingine. Turubai likapanda pipa la kwanza, likakwama la pili, likasimama na nundu kama ngamia. Baba akavuta. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nani kaweka mapipa hapa?"

"Wewe, baba. Ukurasa wa sita."

Wakala alicheka, kisha akajitia kukohoa. Baba alinijia mkono juu. Mama akatokea mlangoni na mkasi wake mkubwa.

"Mwache. Njoo ushone."

"Nishone nini?"

"Mshono wa katikati, baba watoto. Pita na cherehani hapo kwenye nguzo zako nikuone. Ukifika mwisho, nasaini."

Baba alisema, akisaga meno, kwamba anamdhalilisha mbele ya mgeni.

"Mgeni ataondoka sasa hivi. Nguzo zingebaki na mimi."

Baba aliachia turubai, akaingia ndani, akabamiza mlango. Mama alichukua fomu, akaipiga mstari fremu yenye heshima, akatia alama kwenye ile isiyo na nguzo, akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Kisha akanigeukia. Alisema ugomvi na mumewe ni wake mwenyewe, hakuniajiri mimi kumgombania. Nikaamriwa kumwaga maji yote ya mapipa manne, kwa kikombe.

Kufikia pipa la tatu, nilikuwa nimewakasirikia wote wawili bila upendeleo.