Kofia ya Tanki

Watu husema nina hasira. Si kweli. Nina haraka, na duniani kumejaa watu na vitu vya kunichelewesha. Jumamosi ile kilichonichelewesha kilikuwa injini ya baiskeli yangu, kile kiinjini kidogo nilichofungiwa katikati ya fremu miaka miwili iliyopita ili niache kukanyaga pedeli na madumu ya maziwa nyuma.

Mke wangu Lusia alikuwa amerudi kwao Kakola, na mtoto wetu Enock mgongoni. Baba yake, Mzee Donatus, alinipangia siku ya kwenda kuzungumza: Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Jumamosi ya kwanza nilifika saa kumi, mikono imejaa oili, nikaeleza kwamba injini ilinizimikia njiani. Mzee aliitazama ile baiskeli, akacheka mbele ya shemeji zangu wote, akasema nirudi wiki inayofuata, muda ule ule. Nisipotokea, Lusia angepanda basi la saa saba kwenda Chato kwa dada yake Paskalina, anayekaanga samaki huko, na asingerudi tena kwangu.

Utaniuliza kwa nini sikupanda bodaboda. Kwa sababu yule mzee alicheka. Nilitaka anione nikiingia na baiskeli ile ile, inanguruma, jua halijapanda.

Nilitoka Kahama saa moja asubuhi. Baada ya dakika kama ishirini injini ikaanza kukohoa, ikaishiwa nguvu, ikazima. Nikafungua kofia ya tanki niangalie petroli. Tanki likavuta hewa, fyuu, na petroli ilikuwa tele. Nikafunga. Nikachomoa plagi, nikaisugua kwa msasa, nikairudisha, nikakanyaga pedeli na kuachia klachi. Ikawaka papo hapo. Basi, nikasema, ni plagi.

Dakika ishirini nyingine ikazima. Nikafungua kofia, fyuu, petroli ipo, nikafunga. Safari hii nikaifungua kabureta, nikaipuliza mpaka kichwa kikaniuma. Ikawaka. Basi, nikasema, ni uchafu, maana barabara ile malori ya mawe ya dhahabu hayakuachii hata pumzi safi. Nilipanda nikiwa nimeshawachukia madereva wote wa malori.

Ilizima tena mara mbili kabla ya Segese. Kila nilipotazama simu dakika zilikuwa zimeruka. Pale Segese nikamkimbilia Nasibu, fundi wa pikipiki ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa haraka tangu nimjue.

"Fundi, inazima kila baada ya muda. Nifungie plagi mpya, upesi."

"Salama kabisa, Baba Enock," akanijibu, ilhali sikuwa nimemsalimia. "Ikizima unaiacha ipoe?"

"Haingoji kupoa. Nikiishika tu inawaka."

"Ukishika wapi?"

"Popote. Mara plagi, mara kabureta, mara waya."

Akaweka spana chini. "Yaani kila mara unashika kitu tofauti, na kila mara inawaka? Hapo pana jambo. Keti, tuitazame taratibu."

Nikamwambia taratibu yake aiweke mpaka Jumatatu. Akanifungia plagi, akachungulia tanki, akafunga, ikawaka kwa sauti tamu kabisa. Alikuwa bado anazungumza nilipoondoka.

Ilizima nilipoipita Bugarama. Saa tano na nusu, jua limesimama, hakuna hata mti. Nilifungua kofia ya tanki, nikaona petroli. Nikaivurumisha ile kofia majanini, nikaitukana injini na aliyeiunda, nikapanda tanki likiwa wazi na kukanyaga pedeli kwa uchungu mtupu.

Ikawaka. Na haikuzima. Dakika ishirini zikapita, petroli inanirukia mapajani, inachoma, na injini inavuta tu. Nikasimama katikati ya barabara. Katika vyote nilivyovishika tangu asubuhi, kitu kimoja nilikuwa nakifungua kila mara na kukifunga tena.

Nikarudi. Nilitafuta kofia ile kwa magoti, muda mwingine ukapotea, nikaipata. Ndani yake, chini ya mpira, kulikuwa na kipande cha nailoni kilichokatwa duara safi. Kofia ya tanki ina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Ukikiziba, petroli hushuka mwanzo, kisha hukwama. Na kukata nailoni namna ile niliwahi kuona kwa watu wa aina moja tu: wanawake wa kwa Mzee Donatus, wanavyoziba chupa za samli ili harufu isitoke.

Lusia. Ni yeye. Wiki nzima nachekwa kwa kazi ya mikono yake. Nilitia ile nailoni mfukoni na, niseme ukweli, nilifurahi.

Niliingia stendi ya Kakola saa saba kasoro dakika kumi. Lusia alikuwa amekaa juu ya begi, Enock amelala mgongoni. Mzee Donatus alikuwa amesimama pembeni yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika.

"Umechelewa, ng'wanawane," akasema, akiniita mwanawe kwa Kisukuma. Hakucheka. "Lakini basi halijafika. Zungumza na mwenzio." Akasogea mbali kidogo, akatugeuzia mgongo.

Lusia aliinua uso. Alikuwa ananingoja, niliona. Tangu Kahama nilikuwa na maneno yangu tayari: nimekosa, Mama Enock, turudi nyumbani. Nikaingiza mkono mfukoni.

"Hii unaijua?"

Aliitazama nailoni. "Ya tanki."

"Kwa hiyo ni wewe. Unajua umenifanyia nini?"

"Wateja walisema maziwa yananuka petroli," akasema polepole. "Nikakuambia. Ukanifokea mbele yao. Ukasema ziba popote inapotokea, sitaki kusikia tena habari ya harufu. Nikaziba."

"Ungenieleza umeziba wapi."

"Ningekueleza saa ngapi, Baba Enock? Wewe ulishasema hutaki kusikia."

Hapo ndipo pa kunyamaza. Hata mimi nilijua. Badala yake nikafungua kofia, nikamwonyesha kitundu, nikamweleza hewa inavyoingia na petroli inavyoshuka, na kwa nini mtu mwenye akili hawezi kuziba pale. Sauti ilikuwa inapanda. Abiria waligeuka, Enock akaamka akaanza kulia. Niliendelea. Nilikuwa na haki, kila neno lilikuwa kweli.

Basi likafika. Lusia akasimama, akamtuliza mtoto, akashika begi.

"Sasa inawaka vizuri?" akaniuliza.

"Inawaka."

"Basi nenda salama."

Mzee Donatus alimpandishia begi bila kunitazama. Mlango ukafungwa, na mimi nimesimama na kofia mkono mmoja, nailoni mkono mwingine. Aibu iliniwaka uso mzima. Mungu alinipa dakika kumi na mke wangu, nami nimezimaliza zote nikimfundisha jinsi petroli inavyoshuka.