Salamu Iliyowalaza Askari Thelathini

Esteri alikuwa na sauti nzito, nzito kiasi kwamba wageni waligeuka kumtafuta mwanamume aliyesema. Aliirithi kwa baba yake, marehemu Ndihokubwayo, pamoja na kisa kimoja cha vita. Urithi mwingine haukuwepo. Medali mzee aliibadilisha kwa mbuzi jike mwaka wa njaa, na kaburi lake lilibaki kwenye mashamba ya zamani watu walipohamishiwa kijiji kipya cha Kitahana, mwaka sabini na nne. Basi Esteri alikishikilia kisa kile kwa mikono miwili, na kila palipoinjikwa chungu cha maharage, alikisimulia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwingereza alimchukua Ndihokubwayo katika jeshi lake, lile ambalo watu waliliita keya, akampeleka ng'ambo, Bama, kupigana na Wajapani. Asubuhi moja huko msituni akaja afisa kukagua. Kila askari alitakiwa kukakamaa na kupiga saluti. Ndihokubwayo, Muha wa watu, aliyelelewa akijua kwamba mkubwa hasalimiwi umemsimamia kama nguzo, akajisahau. Akachuchumaa, akapiga makofi mawili ya harakaharaka na la tatu la kuchelewa, akanguruma salamu ya kwao: "Mwakeye!"

Wenzake wakadhani ameona adui. Wakajitupa chini wote thelathini, na afisa naye, kofia huko, yeye huku. Papo hapo risasi za Wajapani zikapita juu yao, zikachana majani pale pale vilipokuwa vichwa vya watu.

Asiyeamini hata chembe alikuwa Tharsisi, kaka wa mumewe Esteri. Mtu mwema, lakini alipenda ubishi kuliko chakula. "Shemeji," alisema siku moja mbele ya watu, "mtu mzima na bunduki yake ajitupe chini eti kwa sababu mwenzake kachuchumaa? Mimi huyu ningesimama wima nikauliza, kulikoni?"

Watu wakaangua kicheko. Hayo Esteri alikwisha kuyazoea. Ila siku hiyo Rosa, kitinda mimba wake, naye alicheka, akamtazama mama yake kwa jicho la kumwonea haya. Hilo lilimchoma.

"Kasulu kuna mzee amefungua duka la nguo, ametoka Tabora juzi juzi," Esteri akasema. "Anaitwa Khatibu. Wanasema alipigana Bama na vijana wa Kiha. Twende wote, shemeji. Akisema ni uongo, kisa hiki hamtakisikia tena kinywani mwangu. Mimi na baba yangu tutanyamaza."

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Lakini watu wamesikia, na Tharsisi alikwisha kuanza kuuliza lori linaondoka lini.

Wakapanda lori la mahindi, wao wawili. Njia nzima Tharsisi alikuwa mchangamfu kama anayekwenda harusini. Esteri alikuwa akipanga maneno: nitaanza hivi, nitamwuliza vile, nitataja jina la baba taratibu. Walilala kwa jamaa zao mjini, asubuhi wakaenda dukani.

Mzee Khatibu alikuwa nyuma ya kaunta akipima kitambaa, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, mgongo umewaelekea. Esteri alipomwona tu, maneno yote yakamruka. Kilichobaki ni adabu ya kwao. Akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi kama alivyofundishwa na baba yake, mawili ya harakaharaka na la tatu la kuchelewa, na kwa sauti ile ile nzito akasema: "Mwakeye!"

Mzee akatoweka. Kitambaa kikabaki juu ya kaunta kikijikunjua chenyewe, na mwenye duka haonekani. Esteri akageuka kumtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mikono kichwani, pua ndani ya kapu la kandambili.

Halafu kutoka nyuma ya kaunta ikatoka sauti ya kunong'ona: "Ndiho! Ndiho, wako wangapi?"

Esteri alicheka mpaka akakaa chini. "Hawapo, mzee. Ni mimi, binti yake."

Khatibu akainuka akishikilia kaunta, kofia upande. "Binti wa Ndiho! Masikini miguu yangu! Tangu asubuhi ile hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akihisi hatari anapiga makofi yale, sote chini, mpaka vita ikaisha. Afisa alimbebesha mawe siku mbili kwa kutopiga saluti. Siku ya tatu akamwita, Ndiho amfundishe kupiga makofi."

"Habari ya mawe hakutuambia."

"Angewaambiaje?"

Tharsisi alikuwa akijipangusa magoti. "Mimi nilikuwa natazama bei ya kandambili," akasema.

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?" Khatibu akauliza.

"Alifariki, mzee. Mwaka sitini na nane, kwa homa."

Mzee akaomba dua kwa sauti ya chini. Kisha akaanza kukikunja kile kitambaa bila kukitazama.

"Unajua, mwanangu," akasema mwishowe, "kila aliponipigia makofi yale, mimi nilikuwa chini, uso kwenye tope. Salamu zote zile, sikumwitikia hata moja."

Akazunguka kaunta. Akachuchumaa mbele ya Esteri polepole, magoti yakilia, akapiga makofi yale yale. "Mwakeye, Ndihokubwayo," akasema. "Mwakeye, ndugu yangu."

Esteri akaitika kwa niaba ya baba yake, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Na Tharsisi, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, akaja akachuchumaa karibu nao.