Monaro ya Asad Yapoteza Sauti ya Kiwandani

Pravin alikuwa keshakata. Hilo ndilo nililoliona kwanza nilipoingia gerejini kwake, Ilford: gari ya Asad, Monaro nyeusi, ipo juu ya jeki kama mgonjwa wa kupasuliwa, na ekzosi yake, bomba zima la moshi, imelala sakafuni vipande vipande.

"Umechelewa, Jaffar," Asad akaniambia, meno yote nje. "Ungewahi ungepiga kura."

"Ningepiga ya hapana."

Alijua. Sisi ni watoto wa ndugu wawili, na tangu ainunue gari ile tulikuwa tunabishana. Ni gari ya misuli, silinda nane, ina nguvu za kung'oa lami, lakini kiwanda kimeifunga sailensa nzito kiasi kwamba ukiiwasha utadhani jirani anakuna nazi. Asad alitaka ekzosi ya kunguruma. Mimi nilikuwa chama cha kuiacha ilivyo. Bima itapanda, polisi watamjua kwa jina la kwanza, na isitoshe, siku zile alikuwa na jambo kubwa kuliko gari.

Jambo lenyewe ni Malak. Wazee wetu walikwishapeleka posa, na kwetu Wazanzibari posa haijibiwi papo kwa papo, hata kama mmehamia London. Watu wa mwanamke hupita kwanza wakimuulizia kijana, msikitini, kazini, kwa majirani. Baba yake Malak, Ami Abdulwakil, karani mstaafu asiyecheka, ana njia yake ya ziada: husafiri na mposaji. Aliyeanza kumposa dada yake Malak aliangukia njiani, pale Stratford, kwa tusi moja tu alilomtupia dereva wa basi.

Ndiyo maana simu ya Asad ilipolia, akasimama wima kama askari na kusema "Naam, Ami," hata Pravin alizima mashine yake.

"Naam, Ami. Lewisham? Niko Ilford, kwa fundi. Hapana, gari ipo. Ipo... ipo kamili." Akakata. Uso umempauka. "Anataka nimpeleke kwenye hitma. Anakuja hapa hapa, yuko njiani."

"Hitma ni kisingizio," nikasema. "Jibu la posa limo garini."

Pravin, Mhindi wa Kisumu anayesema Kiswahili kizuri kuliko watoto wetu waliozaliwa hapa, alijifuta mikono. "Hiyo mpya haimaliziki leo. Ya zamani naweza kuirudisha na vibano, lakini kuichomelea hakuna nafasi. Kwa hivyo usiende mbio. Na usiruke matuta."

"Mtaa gani wa London hauna matuta?"

"Hayo ni yako na Mungu wako."

Kibano cha mwisho kilikuwa kinakazwa Ami Abdulwakil alipoingia, kanzu nyeupe, koti zito juu yake, kofia ya kiua imekaa sawasawa. Aliitikia salamu zetu, akaizunguka gari taratibu, mikono nyuma.

"Nzima hii?"

Aliyeulizwa ni Asad. Asad akavuta pumzi. Mimi na kiherehere changu nikamtangulia. "Nzima, Ami. Kama ilivyotoka kiwandani."

Pravin akageuka akatazama ukuta.

Tukatoka. Ami mbele, mimi nyuma, Asad anaendesha kama aliyepakata trei ya chai. Gari kimya. Kijana mmoja wa gari la mizigo akatuchomekea, akatupigia honi juu yake, na Asad akamwinulia mkono wa ahsante. Nikajisemea, hapo tumepita mtihani wa Stratford. Ami alikuwa akitazama mikono ya Asad kwenye usukani, si barabara.

Kisha tukaingia handaki la Blackwall, chini ya mto.

Mle ndani kila sauti hurudi. Kwanza ikaja ndogo, kama mtu anayesafisha koo. Nikakohoa kuifunika. Ikaja kubwa kidogo. Nikakohoa kwa kirefu zaidi.

"Ami," nikasema, "mvua ya mwaka huu umeionaje?"

"Haijanyesha wiki nzima."

"Ndiyo maana naiuliza."

Kwenye kioo nikakutana na macho ya Asad. Jasho linamteremka shavuni na dirisha liko wazi. Akapunguza mwendo, na nyuma yetu watu wakaanza kuwasha taa za hasira. Chini ya miguu yangu kitu kikawa kinatetemeka. Nikakohoa mpaka nikaumia kweli. Tulipotokea upande wa pili sauti ikafifia kidogo, lakini haikutoweka, na kutoka hapo hadi Lewisham nilihesabu kila taa nyekundu kuwa ni rehema.

Mtaa wa hitma ulikuwa na matuta. Mbele ya nyumba wanaume wamesimama na kanzu zao, wanavua viatu mlangoni. Tuta la kwanza tukalivuka salama. La pili gari ililipanda vizuri, ikalishuka vibaya.

Kwanza kilio cha chuma kwenye lami. Halafu silinda nane zote, bila kizuizi. Gari iliyoegeshwa kando ikaanza kulia kengele zake. Mtoto akaangua kilio ghorofani. Mzee mmoja mlangoni alijishika kifua, kiatu kimoja mkononi.

Asad akazima injini.

"Ami," nikaanza, "mafundi wa siku hizi..."

"Jaffar, nyamaza." Asad hakunitazama. "Ami, gari si nzima. Leo nilikwenda kuikata ekzosi ili ipate sauti. Ulipopiga simu tukairudisha na vibano, usijue. Fundi hana kosa, alinionya."

"Nimeisikia tangu handakini," Ami akasema. Akageuza shingo kwangu. "Kifua chako kimepona?"

"Kimepona, Ami."

Nilidhani atashuka. Hakushuka. "Sasa niambie wewe, Asad. Baada ya leo utaifanyaje? Utairudisha ilivyokuwa, au utaibadilisha?"

Jibu lilikuwa wazi kwa mtaa mzima. Sema utairudisha, uchukue mke, uende nyumbani. Nikamfinya bega kutoka nyuma ya kiti. Nikamfinya tena.

"Nikisema nitairudisha nitakuwa nakudanganya mara ya pili," Asad akasema. "Nitaibadilisha. Nimeitamani tangu niko skuli. Watu wa bima nitawaambia, watakachonitoza nitatoa. Lakini nitaibadilisha."

Mkono wa Ami ukashika kitasa cha mlango. Mzee wa kiatu kimoja alikuwa anatujia; Ami akamwinulia kiganja, ngoja.

"Malak anajua?"

"Anajua." Asad akamgeukia. "Yeye ndiye aliyeichagua hiyo ekzosi mpya."

Hapo nikatamani nirudi Ilford kwa miguu.

"Ameichagua lini?" Ami aliuliza polepole, kila neno na nafasi yake.

"Kwa simu, Ami. Mama yake, Bi Sheikha, alikuwepo. Ndiye aliyesema ile nyingine itakuwa na kelele zaidi."

Kengele za ile gari ya kando zikanyamaza zenyewe. Ami Abdulwakil alitazama mbele, taya linacheza, kama mtu anayepiga hesabu na kugundua kuwa nyumbani kwake yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kusoma dua kimoyomoyo, na si ya marehemu.

"Bi Sheikha anafanya kazi usiku," akasema hatimaye. "Mchana hulala. Ukija kwetu, gari uiache barabara kuu. Uje kwa miguu."

Akafungua mlango, akashuka, akainyoosha kanzu yake.

"Ami," Asad akaita. "Nije lini?"

"Ijumaa. Na wazee wako."

Akaenda zake mlangoni, akavua viatu, akaingia. Nyuma yetu basi dogo lilikuwa linapiga honi kwa sababu ekzosi yetu imelala katikati ya njia. Nikashuka kuiokota, ikaniunguza vidole, nikamwita Asad aje anisaidie. Hakuja. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, injini imezimwa.