Nanasi Lenye Shombo

Dewangga, mwanafunzi mwenzangu, alisimama jukwaani, akaishika mashine yangu, akasema "mashine yangu", na mimi niko papo hapo pembeni yake nimevaa aproni, kisu mkononi. Siku hiyo nilikuwa mbeba mananasi.

Mashine yenyewe ni pua. Niliiunda kwa vihisi vya harufu na akili mnemba, nikaifundisha msimu mzima kwenye kibanda cha mama yangu, barabara ya Jalancagak. Ema, ndivyo ninavyomwita mama, ananusa nanasi, anatamka lilivyo, mimi naliingiza neno lake kwenye kompyuta. Kuhusu mananasi Ema hakosei. Halafu Pak Sihombing, mwalimu wetu wa kompyuta, akaandikisha mradi kwenye mashindano ya shule kwa jina la Dewangga peke yake.

"Usininunie, Neng," aliniambia, kama wasichana wanavyoitwa kwetu. "Mwenzio anajua kuongea. Na baba yake ndiye aliyetuletea kompyuta, au umesahau?"

"Na ufadhili wa chuo, Pak?"

"Wa mwenye jina. Wewe si utamsaidia kubeba mananasi?"

Ufadhili ule wa mshindi ndio uliokuwa njia yangu pekee ya kufika chuo. Niliitikia ndiyo, Pak, huku roho inaniuma kama imetiwa pilipili. Nikajiambia, watanitambua.

Njia ya kulipiza alinionyesha Dewangga mwenyewe. Asubuhi ya mashindano waandaaji walitangaza kwamba maandishi yote kwenye skrini yawe ya Kiindonesia. Mashine yangu inaandika Kisunda, lugha ya kwetu Subang, kwa kuwa Ema anasema Kisunda. Dewangga amehamia Subang kutoka Jakarta, na Kisunda chake hakimtoshi hata kuombea maji. Akaketi kubadilisha maneno harakaharaka.

"We, *haseum* ni nini?"

"Kali."

"Kali siyo mbovu. Naiwekea taa ya kijani. Na *amis*... aa, *amis* ni *amis* tu, au siyo?"

Kwao Jakarta *amis* ni shombo, ile harufu ya samaki. Kwetu Subang *amis* ni tamu.

"*Amis* ni *amis*," nikamjibu.

Akaiwekea taa nyekundu na maneno makubwa: USILE. Hakujaribu hata nanasi moja, maana anasema linamwasha ulimi. Pak Sihombing akapita, akampiga bega, akasema safi sana kijana. Nikainama kufunga kamba za viatu nisije nikacheka.

Ukumbi ulijaa watu wa Subang tu. Dewangga aliongea vizuri, lazima nikubali, mpaka akaanza majaribio. Nikampa nanasi lililoiva, limenukia hadi safu za nyuma. Taa nyekundu.

"Mnaona? *Amis*!" akasema. "Nanasi hili lina shombo, ndugu zangu. Mkulima alitupe." Akalitupa kapuni.

Mtu mmoja akacheka. Nikampa la pili, changa, gumu. Taa ya kijani. Nikakata kipande, Dewangga akampelekea jaji mkuu, Bu Otih, mama mzito aliyezaliwa mashambani hukohuko. Bu Otih akauma, uso ukamkunjamana, akatema kwenye kitambaa.

"Mwanangu, hili ndilo zuri?"

Akainuka mwenyewe, akalitoa lile la kapuni, akaniamuru nilikate. Akatafuna taratibu, juisi inamchuruzika kidevuni.

"Hebu niambie, *amis* ni nini?"

"Harufu ya samaki, Bu."

Ukumbi ulilipuka. "Tuletee na wali basi!" akapaza sauti mzee mmoja. "Kwenu samaki wanaota shambani?" Masikio ya Dewangga yakawa mekundu. Nilimtazama nikashiba.

Bu Otih akanyamazisha watu. "Mashine hii imefundishwa na mtu anayejua Kisunda, na anayejua mananasi. Siyo wewe. Kama mko wawili, semeni sasa hivi. Tutaandika majina yote mawili, mrekebishe maneno, mjaribu tena."

Dewangga akanigeukia. "Tika," akanong'ona, "tafadhali, sema."

Neno moja tu lilitakiwa. Pak Sihombing alikuwa ananipungia mikono kutoka chini, jasho linamtoka. Nikafuta kisu kwa aproni, polepole, upande mmoja kisha wa pili.

"Muulizeni yeye, Bu," nikasema. "Mimi mbeba mananasi."

Mradi ukafutwa papo hapo kwa udanganyifu, kwa kuwa mwenye jina siye aliyeiunda mashine. Ufadhili wakapewa watoto wa Purwakarta na roboti yao ya kulisha bata. Pak Sihombing aliitwa chumbani kwa majaji, na alipotoka hakunitazama.

Dewangga alinikuta nje nikipakia mananasi yaliyobaki. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Una wazimu wewe! Ungesema tu, ungekwenda chuo!"

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Chuo nilikitaka kuliko kitu chochote.

"Kwa sababu na wewe ungekwenda."