Ukurasa wa Katikati

Dickson alimwibia Kulthumu mchana kweupe, tena huku anamchekea.

Kulthumu wa Mtua alikuwa na kijitabu chake, anakiita Sinyamazi. Anaandika na kuchora kwa mkono, mambo ya wanawake tu: mwanaume unamlimia mikorosho mwaka mzima, korosho zikiuzwa anaoa mke mwingine. Hilo lilimkuta mwenyewe, na ndilo aliloanza nalo. Akimaliza kuandika anapeleka Nachingwea mjini, steshenari kwa Dickson, wanapiga fotokopi. Halafu yeye na shoga yake Gaudensia wa Lionja wanakunja karatasi, wanashona mgongo kwa sindano ya magunia, jalada wanakata mfuko wa simenti.

Siku moja kaenda mnadani Ruangwa, anakikuta kijitabu chake kimepangwa kwenye turubai. Maneno yake, michoro yake. Juu kimeandikwa: Mtunzi, Dickson.

Akamfuata dukani.

"Usipaniki, sista," Dickson akasema, macho kwenye simu. "Mwanamke umeachwa, stori yako nani anaitaka? Ikiwa na jina la mwanaume ndiyo inakuwa elimu. Jumanne nimeitwa Ruangwa, mkutano wa kina mama, nikawasomee. Niletee toleo jipya basi, nisiende mikono mitupu."

Kulthumu alitamani kumpiga na ile mashine ya fotokopi kichwani. Akasema, "Sawa, kaka. Nakuletea."

Gaudensia kusikia hivyo akawaka. "Unampelekea tena? Umerogwa?"

"Kaa chini uandike, mwandiko wako mzuri. Ukurasa wa katikati, herufi kubwa. Kwa Kimwera chetu."

Akamtajia maneno. Mstari wa pili tu Gaudensia akaitupa kalamu, kacheka mpaka kajishika mbavu.

Dickson alikuwa mtu wa kuja. Miaka sita Nachingwea, Kimwera hata salamu hajui. Anakiita kelele za bibi zenu.

"Hii nini?" akauliza alipouona ule ukurasa.

"Wimbo wa mavuno. Kina mama wa Ruangwa wanaupenda."

"Safi. Italeta ladha."

Jumanne ukumbi ulijaa. Kulthumu kakaa safu ya pili, kapiga kilemba cha njano. Dickson kachomekea shati, anasoma, anapigiwa makofi kwa maneno ambayo Kulthumu aliyaandika akilia. Gaudensia akapaza sauti kutoka nyuma: "Kaka mwandishi! Tusomee na wa katikati!"

Dickson akakohoa, akaanza. Kimwera kinamtoka kama anatafuna mchanga, ila kinaeleweka. Alikuwa anasema hivi: Mimi ninayesoma hapa ni mwizi. Humu sijaandika hata nukta. Aliyeandika yumo humu ndani, kapiga kilemba cha njano. Na hata haya ninayowasomea siyaelewi.

Kina mama wakatazamana. Halafu ukumbi ukalipuka, vigelegele, watu wanagonga viti. Jamaa akajua kapatia. Akaweka mkono kifuani, akainama.

"Rudia!" wakapiga kelele.

Akarudia, sauti juu zaidi, mkono unapunga kama mhubiri. Katikati ya kusoma akaona hakuna anayemtazama yeye. Akafuata macho ya watu, akakiona kilemba. Akamwona Kulthumu anavyotabasamu. Akaacha kusoma.

"Bibi," akamnong'oneza mama mtu mzima aliyekaa mbele, Bi Lusiana, "nimesoma nini?"

Bi Lusiana akaivuta mikrofoni kwake. Akatafsiri polepole, neno kwa neno, hakuruka kitu.

Dickson akageuka kuutafuta mlango. Kulthumu keshasimama njiani.

"Sista, tukaongee nje."

"Nje kuna nini? Kaa." Akamwekea kalamu mezani, pembeni ya rundo la vijitabu alivyokuja navyo kuuza. "Futa jina lako. Kimoja kimoja. Sisi hatuna haraka."

Akakaa. Akafuta, ukumbi mzima unamwangalia, jasho linadondokea karatasi. Alipofika cha kumi akaomba maji.

"Futa," Kulthumu akasema.