Kosa la Dereva

Lori lililetwa gerejini Jumanne asubuhi likivutwa na lori jingine, na Mama Gasketi hakuhitaji kuuliza linaumwa nini. Lilikuwa la tatu mwezi huo. Rangi tofauti, kampuni tofauti, ugonjwa ule ule. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akaangalia saa ya ukutani, akaona hata saa tatu haijafika na yeye tayari amechoka kama mtu wa jioni.

Alikuwa fundi mkuu katika gereji ya wakala wa kiwanda cha malori. Upande wa mbele, nyuma ya vioo na viyoyozi, malori mapya yaliuzwa. Upande wa nyuma, kwenye sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, yaliletwa yakifa. Jina lake la Mama Gasketi alipewa na madereva miaka mingi nyuma, siku aliyokata gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio ya injini, kwa mkasi kutoka kwenye boksi la viatu, na injini ikaenda nayo wiki mbili bila kudondosha hata tone. Siku hizi akisimulia kisa hicho, mafundi vijana walicheka kama wanaosikia habari za sungura na fisi. Injini za sasa zilikuwa zimefunikwa makava ya plastiki juu hadi chini, na huwezi kuzigusa kabla kompyuta haijakupa ruhusa.

Aliyeshuka kwenye lori lile, mkoba begani na macho mekundu, alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake mkubwa. Barabara nzima ilimjua kwa jina la Polepole. Wenzake walimtania kwamba akipakia ndizi mbichi, zitafika zimeiva. Miaka thelathini na moja alikuwa ameendesha malori, na hakuna aliyekumbuka kumwona akipita gari kwenye kona.

"Habari za safari, shemeji?"

"Safari gani tena. Limenifia mlimani. Nimelala kwenye kiti siku mbili, mzigo wamekuja kuuhamisha jana." Aliushusha mkoba chini taratibu, kama alivyofanya kila kitu. "Na halikuniambia kitu, shemeji. Nakuapia. Mshale wa joto ulikuwa chini kabisa. Nikasema leo injini imetulia. Ghafla likakata nguvu, moshi mweupe, basi."

"Taa ya maji je?"

"Ile inawaka tangu lori lina wiki moja. Ninyi wenyewe mlituambia tuipuuze."

Kweli, walisema hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Alipanda, akafungua kava la kwanza, la pili, la tatu. Chini kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu mnene usingefika, palikuwa na bomba jeusi la plastiki linalopeleka maji ya rejeta kwenye injini. Alilishika kwa vidole viwili, kipande kikabaki mkononi kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Lori lenyewe lilikuwa halijamaliza miaka miwili. Kwenye malori aliyojifunzia kazi, bomba hilo lilikuwa la chuma. Lilishika kutu, lililia, lilivuja kwa adabu wiki nzima kabla ya kupasuka, na dereva alipata muda wa kusikia na kunusa. Gari la zamani lilikuwa linaumwa kwa sauti. Hili la sasa lilikufa kimya, tena likiwa limetabasamu, dashibodi yote inang'aa.

Alichomeka kompyuta yake, akasoma kumbukumbu ya injini. Ilikuwa pale pale alipojua itakuwa. Lori likiwa katikati ya mlima, na mzigo kamili, kipimo cha joto kilishuka kutoka tisini hadi arobaini ndani ya dakika moja. Hakuna injini duniani inayopoa huku inapanda mlima. Maji yalikuwa yamekwisha, na kile kidude cha kupima joto kilikuwa kimebaki kikavu, kinapima hewa. Ndiyo maana mshale ulilala. Chuma cha juu cha injini, silinda hedi, kilikuwa kimepinda kwa moto huku dereva anaambiwa kila kitu ni shwari.

Saa tano meneja alimwita ofisini. Alikuwa mwanamume wa umri wa kuweza kuwa mdogo wake wa mwisho, mpole, mwenye tumbo lililoanza kushinda vifungo, na alikuwa na tabia ya kumenya lebo za chupa za maji anapokuwa na wasiwasi. Mezani palikuwa na fomu.

"Mama, hili nalo ni lile lile?"

"Lile lile. Bomba."

Akavuta lebo. "Sasa unajua tunavyoandika."

Alijua. Kiwanda kilikuwa kinakataa kulipia mabomba. Kilisema hayana kasoro, na injini ikiungua ni kwa sababu dereva aliendelea kuendesha wakati imechemsha. Kwa hiyo mwisho wa fomu, kwenye mstari wa chanzo cha uharibifu, waliandika maneno matatu: kosa la dereva. Chini yake fundi mkuu alitia sahihi. Tangu mwaka uanze Mama Gasketi alikuwa ametia sahihi fomu kumi na moja. Hakuwa amezihesabu kwa makusudi. Zilijihesabu zenyewe, usiku na mchana, kama kidonda kinavyokukumbusha kila ukivaa kiatu.

"Dereva wa hili ni shemeji yangu," alisema.

Meneja aliacha kumenya lebo. "Pole, Mama. Sikujua."

"Wakiandika kosa la dereva watamfukuza."

"Inategemea na tajiri yake."

"Wamefukuzwa wangapi kati ya wale kumi na mmoja?"

Meneja alisimama, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Mimi sikulitengeneza hili bomba. Nimeshaandika barua nne huko juu. Unajua walinijibu nini? Walinitumia kalenda." Alicheka, lakini uso haukushiriki. "Nikisema kosa ni la kiwanda, gharama ya injini inabaki hapa kwetu. Zikibaki tatu nne, tunafunga mlango, na mafundi kumi na wanne wanaenda nyumbani. Wewe niambie nifanye nini."

Mama Gasketi alimwonea huruma, na hilo lilimchosha zaidi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Alichukua fomu, akatoka nayo, akaketi juu ya tairi nyuma ya stoo mahali alipozoea kunywa chai. Akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la saba: *Bomba la plastiki limepasuka. Maji yamekwisha. Kipimo kimebaki kikavu kikaonyesha baridi. Dereva hakuwa na namna ya kujua.* Akatia sahihi. Akachapisha ile kumbukumbu ya kompyuta, akaibana nyuma ya fomu, akatoa nakala mbili.

Meneja alisoma akiwa amesimama.

"Umeandika hivi kwa sababu ni shemeji yako."

"Ndiyo," alisema Mama Gasketi. "Angekuwa mwingine ningeandika kama siku zote. Aibu hiyo ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Lakini kilichoandikwa hapo ni kweli, na nakala moja nampa mwenye lori."

Alimkuta Polepole amekaa kwenye benchi la wateja, mgongo umenyooka kama mgeni msibani. Akampa nakala ya pili. Mzee alisoma polepole, kama kawaida yake, midomo ikicheza. Alipomaliza aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaibonyeza kwa kiganja.

"Ahsante, shemeji. Dada yako angekuwepo angepiga vigelegele."

"Angenitukana kwanza kwa kuchelewa."

Wakacheka kidogo. Kisha Polepole akautazama uwanja ambako malori mengine mawili yalikuwa yamefunuliwa vichwa. "Yule aliyekuwa akiendesha hilo la bluu lililokaa hapa miezi yote hii namjua. Baba Pacha. Waliandika kwamba aliua injini kwa uzembe. Tulimcheka kule njiani, hata mimi nilimcheka." Akamgeukia. "Na wale wengine, shemeji? Nao mshale ulikuwa chini?"

Mama Gasketi alikuwa na jibu tayari, kwamba ni kazi, kwamba aliambiwa, kwamba ana watu wanaomtegemea. Hakulitoa. Alisema tu, "Ulikuwa chini," akarudi ndani.

Jumamosi gereji hufungwa saa saba. Alibaki peke yake na kompyuta, akazitafuta kumbukumbu za malori yote kumi na moja. Mawili yalikuwa yamebadilishwa injini pamoja na ubongo wake wa kompyuta, kumbukumbu zimepotea. Tisa zilikuwepo. Zote tisa zilikuwa na mteremko ule ule, kama watu tisa walioanguka kwenye ngazi moja. Alizichapisha, akaandika barua tisa fupi kwa wenye malori, akazitia sahihi ile ile aliyotia mwanzo. Mkono ulimuuma. Macho yalimuuma. Alipomaliza hakujisikia shujaa hata chembe. Alijisikia kama mtu aliyefua nguo za watu wengine siku nzima na bado zimebaki.

Mambo hayakugeuka kama hadithini. Wenye malori wanne walijibu, watano hawakujibu. Mmoja alimrudisha dereva wake kazini; mwingine alisema ameshaajiri mtu mpya na hataki vurugu. Meneja hakumfukuza, kwani hakuwa na moyo huo, ila baada ya wiki mbili alimhamishia kaunta ya spea, mahali pa kusimama na kutoa vitu kwa karatasi. "Nimeambiwa kutoka juu," alisema, na Mama Gasketi alimwamini. Mwezi uliofuata kiwanda kilituma bomba jipya lililoboreshwa. Alifungua boksi kwa hamu ambayo hakuitegemea. Lilikuwa la plastiki ile ile. Tofauti ni kwamba lile la zamani lilikuwa jeusi na hili lilikuwa la kijivu.

Polepole alirudi barabarani na lori lake lile lile, injini mpya. Kila aliposimama alifungua kichwa na kuangalia maji kwa macho yake, kwa tochi, hata kama amesimama kununua maandazi. Wenzake walisema sasa ndizi zitafika zimeoza. Kabla mwaka haujaisha kitasa cha mlango kilimkatikia mkononi, kikafuata kiyoyozi, kikafuata kidude kimoja kwenye gia ambacho hakuna aliyekijua jina. Alivipokea vyote bila kelele. Alisema tu kwamba zamani lori lilizeeka pamoja na mtu, na siku hizi mtu anazeeka kwa ajili ya lori.

Kwa Baba Pacha hakuna barua iliyofika, kwa sababu tajiri wake alikuwa mmoja wa wale watano walionyamaza. Mama Gasketi alipata maelekezo ya nyumba yake kwa Polepole, akaenda Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, na mwenyewe alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anashona kiatu cha shule. Viatu vingine vya watu vilipangwa ukutani. Alikuwa mwanamume mrefu, na kigoda kilikuwa kifupi, magoti yamefika kifuani.

"Karibu, mama. Kiatu cha nani?"

"Sijaleta kiatu. Mimi ndiye niliyetia sahihi fomu yako."

Mkono wenye sindano ulisimama. Mama Gasketi alikuwa amejiandaa kwa matusi, na njiani alikuwa ameyapanga yale makubwa ili yasimshtue. Alianza kueleza: bomba, maji, kipimo kikavu, mshale uliolala. Alimpa ile karatasi, akamwonyesha kwa kidole mahali joto lilipoanguka. Baba Pacha aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akatazama hata nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Ulikuwa chini kweli?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Mshale?"

"Ulikuwa chini."

"Kwa sababu miezi minane naupanda ule mlima kila nikifumba macho. Mwanzo nilisema ulikuwa chini. Nikawaambia wote. Kila mtu akaniambia, haiwezekani, kompyuta haisemi uongo, ulisinzia. Mke wangu hakusema kitu, lakini niliona." Akaweka sindano chini. "Mwisho nikakubali. Nikasema labda kweli nilisinzia. Ulipokuja hapa, mama, nilikuwa nimeshakubali."

Mama Gasketi alitaka kusema samahani, akaona neno hilo ni jembamba mno kwa kazi iliyokuwa mbele yake. Alilisema hivyo hivyo. Baba Pacha alitikisa kichwa, si kwa kusamehe wala kwa kukataa, ila kama mtu anayesikia bei ya kitu na kuanza kufikiri. Kisha aliinuka, akavuta kigoda kingine kutoka ukutani, akamwekea.

"Kaa hapo," alisema. Akageukia mlangoni, akapaza sauti kumwita mkewe, na mkewe akatoka akikausha mikono kwenye kanga, watoto wawili wanaofanana wakimfuata.

"Mwambie huyu," Baba Pacha alisema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Mama Gasketi akakaa, akavuta pumzi, akaanza tena kuanzia kwenye bomba.